Pawa saplai ya kompyuta kuukuu ya mezani: mwongozo kamili wa kuchagua mbadala

Kompyuta nyingi za mezani zinazofanya kazi leo kwenye stationari, shuleni, ofisini na majumbani mwetu zilitengenezwa kati ya 2010 na 2016. Zilitumika kwanza katika maofisi ya Ulaya, Marekani au Dubai, kisha zikaletwa huku kama mtumba: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara. OptiPlex ya 2012 ukiiwekea SSD (diski ya kisasa yenye kasi) na RAM ya kutosha bado inachapa, inaskani, inafungua mifumo ya mtandaoni na kumfundishia mtoto bila manung'uniko. Kinachoziangusha mara nyingi si uzee wa prosesa. Ni pawa saplai, kile kisanduku cha chuma chenye feni ambacho umeme wa ukutani huingilia, na ambacho hupokea kishindo chote umeme unapokatika na kurudi.

Hapo ndipo mashine nzima hutupwa bila sababu. Mtu anakwenda dukani anaomba pawa saplai ya kompyuta, anapewa boksi lililoandikwa 500W, anafika nyumbani anakuta plagi haiingii. Au anailazimisha iingie, na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inaungua. Hasara hiyo inaumiza, hasa kwa mtu ambaye kompyuta ndiyo inayomlisha, na inaepukika kabisa kwa kuhesabu pini, kupima kwa rula na kusoma lebo. Fuata mpangilio huu: plagi kwanza, umbo la pili, nguvu ya volti 12 ya tatu. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi zinakuja mwisho.

Jambo moja la usalama kabla ya yote. Usifungue pawa saplai yenyewe. Ndani yake kuna kapasita kubwa zinazobeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kazi yote iliyomo humu inafanyika nje ya kisanduku hicho.

Hatua ya kwanza: hakikisha mgonjwa ni pawa saplai

Anza na vitu vya bei rahisi. Soketi ya ukutani ina umeme? Chomeka chaja ya simu uone. Waya wa umeme je? Nyaya za plagi ya pini tatu bapa, zile tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda, huwa na fyuzi ndani ya plagi yenyewe. Fyuzi hiyo ikikatika kompyuta inakuwa kimya kabisa, na watu wamenunua pawa saplai mpya kwa sababu yake. Jaribu waya mwingine unaojua ni mzima. Kama kompyuta imepitia UPS au stabilaiza, ichomeke moja kwa moja ukutani kwa dakika chache.

Kisha chomoa kila kitu kisicho cha lazima: flashi, printa, diski za nje. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki kwenye mazabodi iishe, halafu jaribu tena. Kompyuta iliyogoma baada ya umeme kurudi kwa nguvu wakati mwingine huamka kwa hilo tu.

Sasa tazama dalili zenyewe. Kwenye Dell OptiPlex nyingi za kuanzia kizazi cha 790 na 990 cha mwaka 2011, nyuma ya pawa saplai kuna kitufe kidogo na taa ya kijani kando yake. Chomeka waya, bonyeza kitufe hicho. Taa ikiwaka, pawa saplai inajipima na kujiona nzima. Isipowaka, zima, chomoa waya wa ukutani, toa nyaya zote zinazotoka pawa saplai kwenda kwenye mazabodi na diski, kisha chomeka ukutani ubonyeze tena. Ikiwaka sasa, tatizo liko kwenye mazabodi au kifaa kimojawapo kinachovuta umeme vibaya. Isipowaka hata hapo, pawa saplai imekufa. Sioni kipimo bora zaidi ya hiki, kwa sababu hakihitaji hata testa (kipima volti).

HP Compaq na EliteDesk za kizazi hicho husema kwa taa na milio. Taa ya mbele ikimweka nyekundu mara 4 ikifuatana na milio 4, ni hitilafu ya umeme: pawa saplai imezidiwa au imechoka. Ikimweka mara 5 kwa milio 5, angalia RAM kwanza. Kwa hiyo hesabu vizuri kabla hujatoa pesa.

Mashine zenye plagi kubwa ya kawaida ya pini 24 zina kipimo cha waya wa kijani. Chomoa nyaya zote ndani ya kasha, acha feni moja ya ziada au diski ya zamani iwe mzigo, halafu unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi kwa kipande cha waya. Ndipo uchomeke ukutani. Feni ikizunguka, pawa saplai inawaka. Kuwaka kwenyewe hakutoshi, kwa hiyo weka testa kwenye volti za DC: nyeusi ya testa kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano. Inatakiwa usome kati ya 11.4 na 12.6. Waya mwekundu uwe kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Waya wa zambarau ni wa umeme wa kusubiri, nao unatoa volti 5 wakati wote ambao waya umechomekwa ukutani, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukikosa hiyo 5 kwenye zambarau, umeshapata jibu.

Kipimo cha waya wa kijani usikitumie kwenye plagi za pini 6, 8, 10 au 14 nitakazozieleza hapa chini. Rangi za nyaya zake hazifuati utaratibu huu.

Kabla ya kufunga kasha, mulika mazabodi kwa tochi ya simu. Tazama vile vikopo vidogo vya kapasita karibu na prosesa. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Vikivimba au kutoa majimaji ya kahawia, pawa saplai mpya haitakuponya. OptiPlex GX270 na GX280 za miaka ya 2003 hadi 2005 zilijulikana kwa ugonjwa huo, na zilizobaki zinaweza kuwa nao.

Hatua ya pili: andika utambulisho wa mashine

Jina la jumla halitoshi. "OptiPlex 7010" ya mwaka 2012 ilitoka katika makasha tofauti: refu la kusimama lilikuwa na pawa saplai ya wati 275, dogo la kulala lilikuwa na ya wati 240, na dogo kuliko yote lilikuwa na ya wati 200. Visanduku hivyo haviingiliani. Zaidi ya hapo, Dell walitumia tena jina la OptiPlex 7010 kwa kompyuta mpya ya 2023, kwa hiyo ukitafuta mtandaoni hakikisha unasoma habari za mashine yako.

Toa pawa saplai nje au angalau igeuze uone lebo. Piga picha lebo yote, picha ya kila plagi kwa karibu, na picha ya nyaya zilivyopita ndani ya kasha kabla hujagusa kitu. Kwenye lebo tafuta namba ya kipuri. Dell huandika DP/N ikifuatwa na namba fupi ya herufi na tarakimu zilizochanganywa. HP wana namba ya kipuri yenye tarakimu sita, kistari, na tarakimu tatu. Lenovo huandika FRU. Namba hiyo ndiyo utakayompa muuzaji, na ndiyo utakayoandika kwenye kisanduku cha kutafutia mtandaoni. Mara nyingi namba tatu au nne tofauti ni za kisanduku kilekile kilichotengenezwa na viwanda tofauti, kwa hiyo muuzaji akikuambia namba yake haifanani lakini inafaa, usimkatalie papo hapo. Linganisha plagi na vipimo.

Hatua ya tatu: hesabu pini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tulia.

Tangu 2003 utaratibu wa ATX, kiwango cha kawaida cha pawa saplai za kompyuta za mezani, umetumia plagi kubwa ya pini 24 kwenda kwenye mazabodi, na nyingine ndogo ya pini 4 ya mraba karibu na prosesa. Kabla ya hapo plagi kubwa ilikuwa na pini 20. Pawa saplai nyingi mpya huwa na plagi ya 20 yenye kipande cha pini 4 kinachochomoka, kwa hiyo zinafaa zote mbili. Ukikuta 24 kwenye mazabodi yako, furahi: chaguo lako ni pana. OptiPlex 790, 990, 3010, 7010 na 9010 za kasha refu ziko kundi hili.

Kuanzia 2012 hivi watengenezaji wakubwa walianza kuacha utaratibu huo. Walitengeneza pawa saplai zinazotoa takriban volti 12 peke yake, na mazabodi ikapewa kazi ya kutengeneza volti 5 na 3.3 yenyewe. Umeme unaopotea ni mdogo na nyaya ni chache, ila kwa mtu wa kutengeneza maisha yamekuwa magumu:

- Dell OptiPlex 3020, 7020, 9020 na Precision T1700 zina plagi kubwa ya pini 8.
- Dell za baadaye kama OptiPlex 3060, 5060 na 7060 zina pini 6.
- HP ProDesk 600 G1 na EliteDesk 800 G1 zina pini 6 kubwa, pamoja na plagi nyingine ndogo ya pini 6 ya mawasiliano, pamoja na pini 4 za prosesa.
- Lenovo ThinkCentre za familia ya M82 na M92 zina pini 14, na za baadaye kadhaa zina 10.

Usiichukue orodha hii kama hati ya mwisho. Hesabu pini za mashine iliyo mbele yako.

Angalia pia diski zinapata umeme wapi. Kwenye mashine za volti 12 peke yake, waya wa umeme wa diski hautoki pawa saplai. Unatoka kwenye mazabodi. Waya huo utunze. Ukiutupa pamoja na pawa saplai mbovu, utakuwa na mashine inayowaka isiyoona diski, na kuupata tena peke yake ni kazi.

Plagi ya pini 8 ya Dell inafanana kwa mbali na plagi ya pini 8 ya kadi ya picha, na hizo nazo zinafanana na ya pini 8 ya prosesa. Zote tatu zina mpangilio tofauti wa chanya na hasi. Vitundu vyake vimechongwa kwa maumbo tofauti ili zisiingiliane, vingine mraba, vingine vimekatwa pembe. Plagi ikikataa kuingia kwa mkono wa kawaida, inakukinga. Fundi anayenyoa plagi kwa kisu ili ipite, mnyang'anye mashine yako.

Wenye Dell za miaka ya mwisho ya 1990 wana hatari nyingine. Baadhi yake zilikuwa na plagi yenye umbo lilelile la ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti ndani. Ya kawaida inaingia vizuri kabisa, na inaunguza. Mashine za umri huo zipewe pawa saplai ya Dell ya modeli hiyohiyo, basi.

Hatua ya nne: pima kisanduku

Chukua rula. Pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150, kimo 86, na urefu wa 140 au zaidi. SFX ni ndogo: upana 125, kimo 63.5, urefu 100. TFX ni ndefu na nyembamba: upana 85, kimo 65, urefu 175. Flex ATX ni nyembamba zaidi, takriban 81.5 kwa 40.5 kwa 150.

Kasha refu la kusimama la OptiPlex au ThinkCentre mara nyingi hukubali ATX ya kawaida, mradi isizidi urefu. Urefu ndio unaosumbua: zenye wati nyingi huwa na milimita 160 hadi 180, na zinagonga kishikio cha diski. Pima nafasi iliyopo, kisha toa milimita 20 za kukunja nyaya. Linganisha pia matundu manne ya skrubu nyuma, na mahali pa soketi ya umeme. Kasha lingine lina kidirisha kimoja tu na soketi ikiwa upande wa pili haifikiki.

Makasha madogo ya kulala ni habari nyingine. Karibu yote yana kisanduku chenye umbo la mtengenezaji mwenyewe, na hapo sioni sababu ya kuhangaika: tafuta ya modeli hiyohiyo. Nimeona watu wakiacha kasha wazi na pawa saplai kubwa ikining'inia nje mezani. Inawasha, ni kweli. Lakini nyaya zinavutwa, vumbi linaingia, na nyumba yenye mtoto haifai kuwa na kitu kama hicho.

Hatua ya tano: piga hesabu ya nguvu

Tuchukue mfano wa kweli: OptiPlex 7010 ya kasha refu, prosesa Core i5-3470, RAM vipande viwili, diski moja ya zamani, SSD moja, na mwenye mashine anataka kuongeza kadi ya picha ya GTX 1650 isiyohitaji waya wake wa umeme.

Prosesa hiyo imepimwa wati 77. Mazabodi, RAM na feni zipe 35. Diski ya zamani 10, SSD 5. Kadi ya picha 75, ambacho ndicho kiwango cha juu ambacho tundu la kadi kwenye mazabodi linaruhusiwa kutoa. Jumla ni wati 202. Bila kadi ya picha ni 127 tu. Na hizo ni za wakati kila kitu kinakimbia kwa nguvu zote, jambo ambalo kazi ya kuchapa halilifikii.

Kwa hiyo ile pawa saplai ya wati 275 iliyokuja na mashine ilikuwa inatosha, na bado inatosha kwa kazi za ofisi. Ukiweka kadi ya picha, nenda kwenye 350 hadi 450 iliyo nzuri. Hakuna sababu ya kununua 750 kwa mashine ya aina hii.

Sasa soma lebo kama fundi. Kila lebo ina jedwali la volti na ampea. Tafuta safu ya volti 12, zidisha 12 kwa ampea zake. Pawa saplai ya bei rahisi iliyoandikwa 500W, ukikuta volti 12 ina ampea 14, ni 12 mara 14, yaani wati 168. Prosesa na kadi ya picha zote mbili hula volti 12, kwa hiyo hizo 168 ndizo nguvu zako halisi. Mashine ya mfano wetu ingeifikisha hiyo ukingoni. Pawa saplai ya 400 iliyotengenezwa kwa uaminifu itakuwa na ampea 30 hivi kwenye volti 12, yaani 360. Kwenye meza moja ya duka, ile ya 400 inaweza kuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya 500.

Lebo ikiwa na safu mbili za volti 12, usizijumlishe. Tafuta mstari unaotaja jumla ya wati za volti 12. Lebo isiyo na jedwali kabisa, irudishe.

Hatua ya sita: chagua kati ya njia tatu

Njia ya kwanza ni pawa saplai ya modeli ileile iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Kariakoo na mtaa wa Luthuli wa Nairobi kuna mafundi wanaochinja mashine mbovu na kuuza vipuri, na kwa HP, Lenovo na Dell zenye plagi za peke yake hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Zilitengenezwa kwa viwango vya maofisi makubwa na zinaingia bila kubadilisha kitu. Ubaya wake ni umri: feni inaweza kuwa imechoka na kapasita zimekula miaka yao. Ndiyo maana usinunue bila kuiona ikiwaka chini ya mzigo.

Njia ya pili ni ATX mpya ya kawaida, kwa mashine zenye pini 24 na kasha refu. Hapa una uhuru wa kuchagua kampuni inayoaminika na dhamana ya dukani. Tafuta alama ya 80 Plus. Maana yake pawa saplai imepimwa na hupoteza sehemu ndogo ya umeme kama joto. Daraja la kawaida au Bronze linatosha kabisa. Lakini alama ni rahisi kuchapisha, kwa hiyo usiiamini kuliko jedwali la ampea.

Njia ya tatu ni ATX mpya pamoja na adapta, kipande cha waya kinachogeuza pini 24 kuwa 8, 6, 10 au 14. Ni njia nzuri kwa kasha refu kama la OptiPlex 9020, hasa ukitaka kuongeza kadi ya picha. Ila adapta hazifanani. Mazabodi nyingine zinataka umeme wa kusubiri wa volti 12 badala ya 5, na adapta zake huwa na kibao kidogo cha sakiti cha kupandisha volti kilichofungwa kwa plastiki katikati ya waya. Ukipata isiyo nacho kwa mashine inayokihitaji, kompyuta haitawaka, au itawaka kwa vituko. Nunua adapta iliyoandikwa jina la modeli yako, si adapta ya Dell kwa ujumla. Na nyaya zake ziwe nene. Zilizo nyembamba kama za earphone zinapata moto.

Adapta za kugeuza plagi kubwa ya zamani ya diski, ya pini 4, kuwa ya SATA, ile bapa ya diski za kisasa, nazo zichague kwa uangalifu. Zile ambazo plagi yake ya SATA imemiminwa plastiki moja nzima zimesababisha moto mara nyingi, kwa sababu nyaya ndani hugusana. Chukua zenye plagi iliyobanwa, ambayo unaona kila waya ukiingia peke yake.

Hatua ya saba: ikague dukani

Ipime uzito mkononi kwa kulinganisha na nyingine ya wati hizohizo. Nyepesi mno ina shaba na chuma kidogo ndani. Inuse, harufu ya kuungua haifichiki. Itikise taratibu, kisiwepo kitu kinachocheza. Mulika kupitia matundu ya feni utafute kapasita zilizovimba.

Halafu tazama nyuma kama kuna swichi nyekundu ndogo yenye namba 115 na 230. Mitumba ya Marekani huja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa 230 au 240, inalipuka sekunde ileile. Isogeze kwenye 230 kabla haijagusa soketi. Bora zaidi ni isiyo na swichi, ambayo lebo yake inasema 100-240V. Hiyo inajirekebisha yenyewe, na kwa mitaa ambayo umeme hushuka jioni kila mtu anapopika, inastahimili mahali ambapo nyingine huzima.

Mwombe muuzaji aiwashe ikiwa kwenye mashine, si kwa waya wa kijani peke yake, na upime volti 12 nyuma ya plagi huku kompyuta ikifanya kazi. Ikisoma chini ya 11.4, iache. Muuzaji mzuri hakasiriki kwa hilo. Kubaliana naye pia siku za kurudisha, na ziandikwe kwenye risiti.

Hatua ya nane: ifunge

Zima, chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi. Gusa chuma cha kasha ili kuondoa umemetuamo mwilini. Chomoa plagi kwa kubonyeza ndoano yake, si kwa kuvuta waya. Toa skrubu za nyuma; Dell nyingi zina pia kibati ndani cha kubonyeza huku ukisukuma kisanduku mbele. Safisha vumbi sasa, maana nafasi ipo wazi.

Weka mpya, kaza skrubu zote nne, chomeka plagi kubwa hadi usikie ndoano ikinasa, kisha ya prosesa. Hii ya prosesa husahaulika sana: feni zinazunguka, skrini haionyeshi kitu, na mtu anadhani amenunua mbovu. Panga nyaya zisiguse feni. Washa mara ya kwanza kasha likiwa wazi, utazame na kusikiliza. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, na kama ina ukurasa wa hali ya mashine, angalia saa, joto na diski. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, badilisha betri ndogo ya CR2032.

Kuilinda baada ya hapo

Waya wa ardhini usiupuuze. Plagi ya pini mbili ya kubandika, au soketi ambayo pini yake ya ardhini haijaunganishwa popote, inaacha chuma cha kasha na mtekenyo wa umeme unaousikia ukikigusa. Mwite fundi umeme.

Umeme ukikatika, chomoa au zima soketi, na usiwashe hadi umekaa dakika kadhaa baada ya kurudi. UPS inasaidia zaidi, ila pawa saplai mpya zenye sakiti ya kurekebisha mkondo (Active PFC), karibu zote zenye 80 Plus, hazipatani na kila UPS. UPS za bei rahisi na inverta nyingine za sola hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya pawa saplai huzima pale UPS inapochukua kazi. Jaribu mapema: funga kazi zako zote, acha kompyuta ikiwaka, kisha zima soketi inayolisha UPS. Kompyuta ikizima hapohapo na betri ya UPS ni nzima, badilisha UPS iwe ya mawimbi laini, au mrudishie muuzaji pawa saplai ndani ya siku mlizokubaliana, uchukue nyingine na kuipima na UPS hiyohiyo kabla ya kulipa.